Mkristu na Hofu Siku za Maradhi

Mtakatifu Marko asimulia katika sura ya nne ya Injili yake jinsi wanafunzi walivyovuka ziwa jioni pamoja na Bwana wao. Dhoruba kubwa ikainuka, mawimbi yakaanza kujaza chombo, naye Yezu alikuwa amelala upande wa nyuma. Wavuvi wa ziwa Upemba na wa ziwa Kisale hawahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Wao wajua jinsi upepo unavyoinuka ghafula, na jinsi mtumbwi uliojaa watu unavyokuwa mdogo maji yanapoanza kuingia. Wanafunzi walimwamsha Bwana kwa makelele. Akaamuru upepo na ziwa, pakawa kimya. Kisha akawauliza sababu ya woga wao, na imani yao ilikuwa wapi.

Yafaa kuangalia vizuri jambo moja. Bwana hakuwakemea kwa sababu waliyaona mawimbi. Mawimbi yalikuwako kweli. Wala hakuwaambia kwamba maji hayakuwamo chomboni. Kosa lao lilikuwa katika neno walilomwambia walipomwamsha: walidhani ya kuwa yeye hajali kama wao wanaangamia. Hapo ndipo penye mzizi wa hofu mbaya. Mtu huona hatari, na hatari ni ya kweli. Lakini ndani ya moyo aongeza uwongo, kwamba Mungu amemsahau.

Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, siku ambazo ugonjwa wa korona ulikuwa ukiua watu wengi sana huko Italia, Papa Fransisko alisali katika uwanja wa Mtakatifu Petro mjini Roma. Uwanja ule ambao huwa umejaa maelfu ya watu ulikuwa mtupu, na mvua ilikuwa ikinyesha. Injili aliyoifafanua ilikuwa hiyo hiyo ya dhoruba ziwani. Msalaba uliowekwa karibu naye ulikuwa ule wa kanisa la Mtakatifu Marcello, ambao watu wa Roma waliuchukua barabarani kwa maandamano mwaka 1522, wakati wa tauni. Basi Kanisa halikuanza jana kusali siku za maradhi. Ni kazi yake ya tangu zamani, na pia ni kazi yake ya tangu zamani kuwafundisha watoto wake namna ya kuogopa na namna ya kutoogopa.

Watu wa Kamina nao wamekwisha kuona dhoruba za namna hiyo. Mji wao, uliofanywa mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami mwaka 2015, umekuzwa na reli. Njia itokayo Lubumbashi yagawanyika hapo: moja yaelekea Ilebo, nyingine Kabalo. Mahali ambapo njia zakutana, watu hukutana; na watu wakikutana, hupita mizigo, hupita habari, hupita uvumi, na hupita magonjwa. Katika nchi ya maji ya mto Lualaba, upande wa Bukama na Malemba-Nkulu, kipindupindu, ambacho watu wa Kongo hukiita kolera, hurudi mara kwa mara kama mgeni asiyealikwa. Mwaka 2017 polio ilionekana katika Haut-Lomami, polio ya namna ile inayopata nguvu mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Mwaka 2019 surua ilienea katika majimbo yote 26 ya Kongo. Mwaka 2020 ikaja korona, na tangu Machi mpaka Agosti makanisa yalifungwa kwa amri ya Serikali, hata Pasaka ikaadhimishwa pasipo mkusanyiko wa waamini. Kila mara maradhi yalikuja na mwenzake, naye ni hofu.

Je, kuogopa ni dhambi?

Wako Wakristu wanaodhani kwamba mwenye imani ya kweli haogopi kitu, na kwamba akiogopa amekwisha kumkana Mungu. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, katika bustani ya Gethsemani, aliingiwa na hofu na huzuni kubwa hata jasho lake likawa kama matone ya damu. Alimwomba Baba amwondolee kikombe kile. Aliye mtakatifu wa watakatifu aliogopa kufa, wala hakutenda dhambi, kwa sababu hofu haikumtawala. Baada ya kuomba, aliinuka akaenda mbele kuwalaki waliokuja kumkamata.

Hofu ni kama mlinzi wa usiku. Mwenye nyumba humweka langoni ili apige kelele mwivi akija. Mlinzi wa namna hiyo ni zawadi ya Mungu, na asiye naye atavunjiwa nyumba. Mama anayeogopa maji machafu atayachemsha. Baba anayeogopa surua atampeleka mtoto achanjwe. Lakini mlinzi akiacha lango, akaingia ndani, akatwaa funguo, akakaa kitini pa mwenye nyumba na kuanza kuamuru nani ale na nani afukuzwe, hapo nyumba imeharibika. Hofu ikae langoni. Kitini pa moyo ni mahali pa Mungu.

Matendo ya hofu ikiwa bwana

Kwanza, hofu hukimbiza. Mtu asikia kwamba kolera imeingia kijijini, naye afunga mizigo na kupanda gari la kwanza. Yawezekana amekwisha kuwa na ugonjwa tumboni bila kujua, maana wengi wenye vijidudu vya kolera hawaoni dalili yoyote, lakini huwatoa chooni. Basi yule anayekimbia kifo aweza kukipeleka mahali anapokimbilia.

Pili, hofu huficha. Mgonjwa afichwa chumba cha ndani ili majirani wasicheke, ili duka lisikose wanunuzi, ili harusi isivunjike. Lakini kolera haingoji. Humkausha mtu maji ya mwili, na yaweza kumwua katika muda wa saa chache tu. Asiyetibiwa, naye ameshikwa vikali, yu katika hatari kubwa ya kufa. Atibiwaye mapema kwa maji ya dawa hupona karibu daima. Katika wagonjwa mia wanaotunzwa vizuri, hata mmoja ni shida kufa. Ni jambo la kutia uchungu kwamba mtu aweza kufa kwa aibu, wakati dawa yake ilikuwa maji, chumvi na sukari.

Tatu, hofu hushtaki. Watu wasipojua chanzo cha msiba, hutafuta mtu wa kuubebesha. Mara ni mama mzee asiye na mtetezi, aitwaye mchawi. Mara ni mgeni aliyeshuka jana katika treni. Mara ni mganga wa hospitali mwenyewe. Mwaka 2019, wakati wa Ebola katika Kivu Kaskazini, uvumi ulisema ya kuwa ugonjwa ulibuniwa kwa ajili ya fedha na siasa. Mwezi wa Februari mwaka huo nyumba za kutibia wagonjwa za Katwa na Butembo zilishambuliwa na kutiwa moto. Tarehe 19 Aprili, mjini Butembo, watu wenye silaha walimwua daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun, aliyekuja kupigana na ugonjwa. Amri ya tano na amri ya nane ya Mungu hazipumziki siku za maradhi. Kumsingizia jirani uchawi ni dhambi siku ya afya, na ni dhambi siku ya kolera.

Tena hofu ni mizani mbovu. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa mwaka 2018 katika Kivu Kaskazini, ukafika na Ituri, ulishika watu 3,470, wakafa 2,287, mpaka ulipotangazwa kuwa umekwisha mwezi wa Juni 2020. Dunia nzima ilitetemeka, na ilikuwa na sababu. Lakini katika siku zile zile surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Wazazi waliotetemeka waliposikia jina la Ebola walisikia jina la surua bila kuinuka kitini, kwa sababu surua ni jina la zamani. Hofu hupima mambo kwa ugeni wake na kwa kelele zake. Busara, ambayo ni mojawapo ya fadhila nne kuu, hupima kwa ukweli.

Imani si hirizi

Pamoja na hofu, liko kosa jingine linalojivika vazi la imani. Ni lile la mtu anayesema, Mungu atanilinda, kwa hiyo sinawi mikono, sichemshi maji, simchanji mtoto, wala simpeleki mgonjwa hospitalini. Neno hilo lasikika kuwa takatifu, lakini yafaa kukumbuka ni nani aliyelisema kwanza. Shetani alimpandisha Yezu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini, akimwonyesha hata maneno ya Zaburi kwamba malaika watamchukua. Yezu alikataa. Alimjibu kwamba haifai kumjaribu Mungu. Basi mtu anayekataa dawa na kumwamuru Mungu atende mwujiza, hafuati njia ya Yezu pale kinarani. Afuata shauri la yule mwingine.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chafundisha kumheshimu mganga kwa sababu Mungu ndiye aliyemwumba, na kutozidharau dawa kwa sababu Mungu ndiye aliyezitoa katika ardhi. Chafundisha pia mgonjwa asali na kuacha dhambi, kisha ampe mganga nafasi yake. Sala na dawa si wake wenza wanaogombana. Zatoka katika mkono mmoja.

Hali kadhalika maji ya baraka, medali ya Bikira Maria na rozari si hirizi. Mkristu huvitumia ili kuamsha imani na kuomba neema, na Kanisa lavibariki kwa sababu hiyo. Lakini maji ya baraka hayakuwekwa yawe badala ya sabuni. Mtakatifu Karoli Borromeo, askofu wa Milano, alijua jambo hilo. Tauni ilipouvamia mji wake mwaka 1576, wakubwa wengi walikimbia, naye alibaki. Aliwatembelea wagonjwa, akatoa mapazia na vitambaa vya nyumba yake vishonwe nguo za maskini. Lakini watu walipoamriwa kukaa majumbani mwao, hakuwaita wavunje amri ili kuonyesha imani. Aliagiza altare zijengwe katika njia panda za mji, wapate kuisikia Misa madirishani mwao. Hakukimbia, wala hakumjaribu Mungu.

Masista wa Kikwit

Kongo yenyewe imetoa mfano ambao Wakristu wake wasiusahau. Mwezi wa Aprili 1995, katika hospitali ya Kikwit, upande wa magharibi wa nchi ambayo siku hizo iliitwa Zaire, wauguzi walianza kuugua mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamempasua na kumhudumia mgonjwa ambaye hakuna aliyejua ana nini. Baadaye ikajulikana kuwa ni Ebola. Watu 315 walishikwa na ugonjwa, na wapatao 250 wakafa.

Katika hospitali hiyo walitumika masista wa shirika la Maskini la Bergamo, lililoanzishwa Italia na Mtakatifu Luigi Palazzolo. Sista Floralba Rondi, aliyefanya kazi katika chumba cha kupasulia, alifariki tarehe 25 Aprili. Wenzake walimwuguza. Sista Clarangela Ghilardi alifariki tarehe 6 Mei, Sista Danielangela Sorti tarehe 11, Sista Dinarosa Belleri tarehe 14, Sista Annelvira Ossoli tarehe 23, na Sista Vitarosa Zorza tarehe 28 Mei. Wako miongoni mwao waliotoka mahali pengine wakaja kuwauguza wenzao, huku habari za vifo zikiwa zimekwisha kusikika. Mwaka 2021 Papa Fransisko alikiri kwamba masista hao sita waliishi fadhila za Kikristu kwa namna ya ushujaa. Pamoja nao walikufa wauguzi wengi wa Kongo, akina baba na akina mama wenye watoto nyumbani, ambao majina yao hayakuandikwa magazetini. Mungu ayajua.

Hapa katekista ataulizwa swali gumu, wala asilikimbie. Watu watasema: Masista hao walisali kila siku. Mbona Mungu hakuwalinda?

Jibu ni hili. Mungu hakumwahidi Mkristu yeyote kwamba mwili wake hautaugua wala hautakufa. Petro na Paulo waliuawa. Mama Bikira Maria alisimama chini ya msalaba akamwona Mwanawe akikata roho. Ahadi ya Mungu ni kubwa kuliko afya: kwamba hakuna kitu, wala ugonjwa wala kifo, kitakachoweza kumtenga na upendo wake mtu ampendaye, na kwamba siku ya mwisho atamfufua. Anayemwamini Mungu ili asife kamwe, siku moja imani yake itaanguka. Anayemwamini Mungu aliyemfufua Yezu Kristu, hata kaburini imani yake yasimama.

Wala mtu asidhani kwamba masista hao walikuwa na mioyo ya mawe. Walikuwa watu wa damu na nyama, walioona wenzao wanavyokufa. Na asidhani kwamba walikufa kwa kudharau glavu na sabuni. Ugonjwa uliwapata kabla haujajulikana jina lake. Ulipojulikana, wauguzi wakapewa glavu, barakoa na makoti, wakafundishwa namna ya kuwashika wagonjwa na maiti. Maambukizo katika hospitali yakapungua sana, na mwezi wa Agosti 1995 ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha. Upendo uliobaki pale ulipojifunza busara, ukawa upendo unaookoa.

Hata katika msiba ule Mungu aliandaa dawa. Daktari Jean-Jacques Muyembe, mtu wa Kongo, ambaye mwaka 1976 alikwenda Yambuku ugonjwa huo ulipoonekana mara ya kwanza nchini, alifanya kazi Kikwit pia. Katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit mwaka 1995, wataalamu walipata kinga ambayo kwayo walitengeneza dawa. Dawa hiyo ilitumiwa katika Kivu Kaskazini, na mwaka 2019 ilionekana wazi kwamba yapunguza vifo. Tena huko Beni na Butembo, watu waliopona Ebola walikuwa wakiwalea watoto wadogo waliotengwa na mama zao wagonjwa. Aliyeokolewa akawa mwokozi wa mwenzake. Hiyo ni Injili inayotembea kwa miguu.

Njia ya Kamina

Imani ilipandwa Kamina na wana wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, waliokabidhiwa nchi hiyo na Kanisa miaka ya 1920, kabla Kamina haijafanywa diosezi mwaka 1959. Fransisko mwenyewe, katika ujana wake, aliwachukia mno wagonjwa wa ukoma. Akiwaona kwa mbali aligeuka njia. Mungu alimwongoza katikati yao, naye akawatendea huruma. Mwisho wa maisha yake alikumbuka kwamba wongofu wake ulianzia hapo: jambo lililokuwa chungu kwake liligeuka likawa tamu. Tazama mpango wa mambo hayo. Hakungoja uchungu uishe ndipo aende kwa mkoma. Alikwenda, na uchungu ukaisha njiani.

Na iwaziwe nyumba moja katika mtaa wa Kamina. Mume amesafiri kwa kazi. Usiku wa manane mtoto anaanza kuhara maji na kutapika, na macho yake yanaingia ndani. Mama yake anapiga kelele za kuomba msaada, na majirani watatu wanamsikia.

Jirani wa kwanza anasukuma komeo la mlango na kuzima taa. Ana watoto wake mwenyewe, naye awaogopea.

Jirani wa pili anaingia kwa haraka. Anampakata mtoto, anashika matapishi kwa mikono, anakula chakula kilichobaki mezani, na kusema kwamba haifai kwenda hospitalini usiku. Wasali tu mpaka kuche. Moyo wake ni mwema, lakini asubuhi mtoto atakuwa ameishiwa maji ya mwili, na yeye mwenyewe atakuwa amepeleka ugonjwa nyumbani kwake.

Jirani wa tatu ni mwanamke aliye mdogo kwa umri kuliko mama yule. Anafika mlangoni, na mikono yake inatetemeka. Anasema, “Yaya, nami naogopa. Lakini mtoto hawezi kungoja. Twende.” Anachukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, anatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, anakoroga, na kumpa mama amnyweshe mtoto kidogo kidogo. Ananawa mikono kwa sabuni. Anamwamsha kijana wake mwenye baiskeli, mtoto apelekwe mara moja kwa wauguzi, huku akiendelea kunyweshwa njiani. Na katika mwendo huo wanasali Salamu Maria, kwa sauti ndogo, katika giza.

Katika hao watatu, ni nani aliyekuwa jirani wa mtoto yule? Mwalimu wa sheria aliyeulizwa na Yezu katika habari ya Msamaria Mwema alijua kujibu, na kila Mkristu ajua. Jirani wa tatu hakuwa na hofu ndogo kuliko wa kwanza. Pengine ilikuwa kubwa zaidi, maana aliikiri. Lakini hofu yake ilibaki langoni, ikafanya kazi yake ya mlinzi: ilimkumbusha sabuni. Upendo ndio ulioshika funguo.

Basi kila nyumba ya Kikristu ijiweke tayari kabla ya dhoruba. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Choo kiwe na mfuniko, na pawe na sabuni karibu nacho. Ikikosekana sabuni, majivu yatumike. Watoto wapelekwe chanjo siku zao. Mgonjwa asifichwe. Mtu akifa kwa kolera au kwa Ebola, jamaa wasimwoshe wala kumkumbatia kwa mikono mitupu, bali wawaachie waliofundishwa kazi hiyo. Jambo hili ni chungu sana kwa watu wanaojua heshima ya wafu. Lakini heshima ya mkubwa wa Kikristu ni sala, ni Misa iombwayo kwa ajili ya roho yake, ni kuwatunza yatima aliowaacha. Hakuna marehemu mwema apendaye kuwaua wajukuu wake kwa sababu ya mazishi.

Katekista naye ana kazi yake. Asiwe mchukuzi wa uvumi. Akisikia neno, aulize kwa wauguzi kabla ya kulisema mbele ya waamini. Akijua mgonjwa aliye hatarini, amwite padri upesi kwa ajili ya sakramenti ya Mpako wa wagonjwa, asingoje mpaka mtu amepoteza akili. Na mgonjwa akipona na kurudi, katekista awe wa kwanza kumsalimu mbele ya watu.

Maswali ya katekisimu

Swali: Je, Mkristu akiogopa ugonjwa ametenda dhambi?
Jibu: Hapana. Yezu mwenyewe aliogopa Gethsemani. Dhambi yaja hofu inapomfanya mtu kuacha wajibu wake, kumwacha jirani, kusema uwongo au kumkana Mungu.

Swali: Je, kutumia dawa na chanjo ni upungufu wa imani?
Jibu: Hapana. Dawa ni viumbe vya Mungu, na akili ya mganga ni zawadi ya Mungu. Kuzikataa na kudai mwujiza ni kumjaribu Mungu.

Swali: Je, anayemwuguza mgonjwa na kukosa Misa ya Dominika ametenda dhambi?
Jibu: Hapana. Kanisa lamfungulia amri hiyo. Aunganike na Misa kwa sala na kwa Komunyo ya tamaa. Mnamo Machi 2020 Kanisa liliwapa hata rehema kamili wagonjwa wa korona na wale waliowatunza.

Swali: Mungu ameahidi nini kwa mwamini aliye mgonjwa?
Jibu: Ameahidi kuwa pamoja naye, kumpa neema ya kuvumilia, na kumfufua siku ya mwisho. Mara nyingi humpa pia kupona, kwa mikono ya watu.

Swali: Sala ya mtu mwenye hofu ni ipi?
Jibu: Ni ile ya Yezu bustanini: amwambie Baba hofu yake yote bila kuficha, aombe aondolewe msiba, kisha ayakabidhi mambo yote katika mapenzi ya Baba. Akiisha kusali, na ainuke aende kwa jirani yake aliye mgonjwa.